Mbuzi Yako ya Nazi na Drili Yangu Ndogo

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ungekuwapo ungeitikia marahaba, kisha ungeniuliza nimekula nini kabla hata sijavua viatu. Basi leo nimekula wali wa nazi uliopikwa na wifi yako, jikoni mwenu hapa Kisauni. Ngoja nikueleze, maana si jambo dogo.

Tangu tulipokuzika, Mama aliacha kukuna nazi. Akawa ananunua tui la pakiti! Naam, lile lile ulilosema lina ladha ya sabuni. Mbuzi yako akaiweka nyuma ya mlango, asiikalie yeye wala mtu mwingine. Eti inayumba. Ni kweli, msumari unaoshika miguu ulikuwa umelegea, na ile kamba uliyoifunga wewe ilikuwa imekatika. Lakini iliyumba miaka yote, na nyinyi mawifi wawili mkagombea kuikalia, kila mmoja akidai nazi aliyokuna mwenzake ni ya kulishia kuku. Nilijua si kuyumba kulikomzuia. Nikajiambia, nikiitengeneza vizuri, huenda Mama akakaa.

Sasa nisamehe, Shangazi. Niliipasua.

Wewe ulikuwa fundi wa nyumba nzima kwa kisu cha mezani na mchi. Kisu ndicho bisibisi, mchi ndio nyundo. Mimi nikaona nikupite. Nikaazima drili ya binamu Salim, ile anayotobolea kuta za mawe kazini kwake Kipevu, nikidhani kubwa ndiyo bora. Kuibonyeza tu, ikanivuta mkono, biti, ule msumari wake wa kutobolea, ikazama, na mguu wa mbuzi ukaingia ufa wa urefu wa kidole. Nililia pale uani, wallahi, kuku wako wakinitazama. Mama akatoka, akaangalia, akarudi ndani kwenye sufuria zake. Heri angenigombeza.

Jumamosi nikaenda duka la vifaa vya ujenzi pale Kongowea, nitafute drili yangu mwenyewe. Mwenye duka, mzee mmoja mpole, akanipangia drili juu ya kaunta, na kando yake sanduku la kung'aa lenye vipande mia vya biti na bisibisi. Macho yakanitoka. Nilikuwa karibu kulichukua sanduku ndipo nikakukumbuka wewe, siku ile tuliyokwenda kununua hiyo mbuzi. Nilikuwa na miaka tisa. Ulizikalia zote dukani, moja baada ya moja, ukakunja buibui na kukuna nazi isiyokuwapo, watu wanapita wanatazama. Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ukasema tu, "Nisipoikalia nitaijuaje?"

Basi na mimi nikachuchumaa sakafuni, nikashika drili katikati ya magoti kama kwamba mbuzi iko pale. Mzee akacheka hata akajishika kiuno. "Binti yangu, wafanya nini?" Nikamweleza, ufa na yote. Akaacha kucheka, akaniletea kipande cha mbao nijaribu kweli.

Ya kwanza ilinichosha kiganja kabla sijahesabu ishirini. Ya pili mshiko wake mnene, vidole havikukutana. Ya tatu ilikuwa fupi, ya betri, uzito wake kama nazi moja iliyofuliwa. Hiyo ikapenya hata penye nafasi ndogo. Ina mwendo wa polepole na mwendo wa kasi, na shingoni ina pete unayoizungusha, ili skrubu ikishakaza, drili iachie yenyewe isipasue mbao. Kusikia hivyo nusura nimkumbatie mzee wa watu! Bei yake haikunitoa jasho. Akaniambia pia kwamba betri hiyo hiyo itaingia kwenye mashine ya msasa siku nitakayoihitaji, kwa hiyo nisiinunue sasa. Sanduku nikaliacha. Nikachukua biti nne za mbao, basi. Vipande mia vya nini, na nyumba yetu haina hata kabati?

Siku mbili nilijifunza kwa mbao za kreti za nyanya. Kitundu chembamba kwanza, skrubu baadaye, mkono usiharakishe. Kisha nikatia gundi kwenye ufa, nikaubana kwa kipande cha leso yako ya zamani mpaka ukashika. Msumari nikautoa, nikatia bolti na nati, na mbuzi ikawa inakunjika na kukunjuka kama mpya. Pale pa kukalia sikupagusa kwa msasa. Pana kile kishimo chako, Shangazi, nikakiacha kama kilivyo.

Leo, baada ya sala ya Ijumaa, nikaiweka katikati ya jiko, nazi mbili pembeni, nikasimama mlangoni. Mama akaisukuma kwa mguu. Akaisukuma tena. Akakaa.

Alikuna nazi nzima, machozi yakimtoka. Halafu nikamwona anacheka. Akasema, "Lete ya pili." Na alipoimaliza akanitazama: "Mwandikie shangazi yako, mwambie nazi aliyokuna yeye ilikuwa ya kuku hadi mwisho."

Ndiyo maana nakuandikia. Nimefikisha salamu, msinigombanishe.

Majirani wameshasikia. Mama Rehema analeta kiti chake kilicholegea kesho, inshallah. Kumwazima drili nimekataa, ila nimemwambia aje tushike pamoja.

Pumzika, Shangazi, Mungu akupanulie kaburi lako. Nakuahidi sitanunua chombo ambacho sijakichuchumalia dukani, hata Kongowea nzima icheke. Na mbuzi yako hairudi tena nyuma ya mlango.

Bintiyo,
Zuhura