Jeneza Linangoja Neno Lako

Bwawa la Korongo,
siku ya theluji ya kwanza

Dada yangu Yunzhi,

Mdogo wako Suhe anakuamkia kwa magoti yote mawili. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mwanao, na mama mkwe wako kifua kiwe kimempungua, maana baridi ya mwaka huu haina huruma kwa wazee. Mimi mwili wangu hauna ugonjwa. Najua uliapa kwamba chochote kitokacho katika nyumba hii hakitavuka kizingiti chako. Ndiyo sababu nimempa muuza chai, ambaye hana kosa kwako, akuletee mkononi. Usimfukuze kabla hujasoma, dada. Baba amefariki.

Kaa chini kwanza. Sitaki ulipate jambo hili nusunusu kama linavyosimuliwa kwenye nyumba za chai, ambako kila mwenye mdomo anajua habari za Baba kuliko sisi wanawe.

Ulikuwa umeshaolewa wakati mdogo wetu Xiaoman alipochukuliwa, kwa hiyo hukuona ilivyokuwa. Alikwenda bwawani kuchimba mizizi ya yungiyungi, hakurudi. Kesho yake akaja Du Kuishan, yule jambazi wa Ngome ya Matete ambaye Baba alimwangusha matopeni kwa kitako cha mkuki mbele ya soko zima, siku jambazi huyo alipompiga mama muuza samaki. Alikaa sebuleni kwetu, akanywa chai yetu, akasifu vikombe. Kisha akasema, “Mzee Qiu, mimi sina kinyongo. Nataka unifundishe huo mkuki wako. Wote, mpaka pigo la mwisho. Nikihitimu, mtoto anarudi na mashavu kama mapichi. Ukikataa, utamwokota mtoni kipande kipande.”

Unajua mkuki wetu haujawahi kufundishwa mtu asiye wa damu ya Qiu. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akipiga goti ila mbele ya vibao vya mababu, alimpigia goti mtu yule.

Basi Du akawa anakuja asubuhi, anavua viatu mlangoni kama mwanafunzi mwenye adabu, na mdomo wake haupumziki. “Mwalimu, mbona umekunja uso kama umekunywa siki? Cheka kidogo, mwanafunzi wako si anajitahidi!” Baba alikuwa akimshika kiwiko na kukirekebisha kwa upole uleule aliomrekebishia Xiaoman. Nilipomwomba amfundishe kwa uongo, amfiche hatua moja hapa na nyingine pale, aliniuliza: akigundua, hasira yake ataimalizia kwa nani?

Baba aliomba walau ishara kwamba mtoto yu hai. Du akakubali jambo moja: mimi nishone viatu, wampelekee, na wakija tena walete vile alivyochakaza. Nikawa nashona kila msimu ukigeuka, na kila jozi naiongeza kidogo, maana mtoto anakua. Vya zamani vilirudi vimejaa tope, soli zimelika, na mimi nilivikumbatia nikilia kwa furaha. Baba alikuwa akivichukua chumbani kwake na kufunga mlango. Nilidhani naye analia kama mimi.

Wanafunzi wake walimhama mmoja mmoja. Akipita sokoni, vijana wanapiga kelele, “Fungeni mabanda ya kuku, mwalimu wa majambazi anapita!” Yeye anainamisha kichwa, ananunua mchele wake, anarudi. Du naye akaanza kuutumia mkuki. Vijiji vya ng'ambo viliungua. Wanaume waliojulikana kote kwa silaha zao walianguka mbele yake kama mabua, na kila maiti ilipooshwa, jeraha lilikuwa la kwetu.

Ya shemeji Renfu sina haja ya kukusimulia, kwa kuwa ni wewe uliyemleta kwenye mkokoteni. Alikuwa akilinda msafara wa nafaka, mtu asiyemdhuru yeyote, akachomwa chini ya mbavu kwa pigo la Korongo Anageuka, ambalo duniani watu wawili tu walilijua. Hukuingia ndani. Ulisimama langoni na nguo nyeupe za msiba, ukauliza, “Mkono uliomuua mume wangu, Baba, nani aliufundisha?” Akasema, “Mimi.” Ukageuza ng'ombe. Hukumwona baada ya hapo, dada. Alibaki amesimama palepale langoni hata vumbi la mkokoteni wako likatulia.

Kulipokucha alichukua mkuki wa babu akaenda Ngome ya Matete. Nilimfuata, hakunikataza. Walikutana kwenye kivuko, Du akacheka: “Mwalimu! Umemsahau mtoto?” Baba akainua mkuki. Walipigana kama mtu apiganaye na kivuli chake. Kila alichokirusha Baba, Du alikuwa ameshakijua, kwa kuwa alikuwa amefundishwa vizuri. Mwishowe waligeuka wote wawili kwa pigo lile moja, na mikuki yote miwili ikaingia.

Du alianguka majini. Damu imemjaa menoni, bado anacheka. “Mzee mjinga wewe! Mwanao alikufa kwa homa hata mwezi haujaisha. Umenifundisha bure!”

Baba akamwambia, “Najua.”

Mchunga nyati alinisaidia kumrudisha nyumbani. Baba aliishi hadi adhuhuri ya siku ya pili. Nilimuuliza amejua tangu lini. Alisema tangu viatu vya kwanza. Xiaoman alikuwa akikanyaga kwa ukingo wa nje wa mguu. Baba alikuwa amehangaika naye sana kumnyoosha hatua, asifaulu. Viatu vilivyorudi vililika visigino. Mtu anayefundisha mkuki hufundisha miguu kwanza, alisema, na miguu ile haikuwa ya mwanawe. Viatu vyangu vyote, dada, alivivaa mtoto wa mtu mwingine.

Nilimpigia kelele, naye yuko kufani. Nilimuuliza kwa nini basi hakuacha. Akasema: “Nilipokuwa namfundisha yule, Xiaoman alikuwa hai. Kila asubuhi nikiushika mkuki, yu hai. Ningeuweka chini, ningekuwa nimemzika mimi. Sikuweza, mwanangu. Nilijua watu wanakufa, na sikuweza.”

Wazee wa ukoo wamekuja. Wengine wanataka azikwe nje ya makaburi yetu na jina lake lisiandikwe kwenye kibao cha mababu, kwa kuwa aliuza mkuki. Wengine wanasema baba aliyejivunjia heshima kwa ajili ya mwanawe hawezi kutupwa. Hawakuelewana, wakasema neno liwe lako: wewe ndiye mkubwa, na wewe ndiye uliyefiwa na mume. Wao wanajua tu kwamba alifundisha ili kumwokoa mtoto. La viatu halijui mtu ila mimi.

Ningeweza kukuficha, na naamini ungemsamehe. Lakini neno lake la mwisho lilikuwa hili: “Mwambie Yunzhi yote kabla hajanililia. Msamaha wa kumuibia siutaki.” Kwa hiyo nimekuambia. Renfu alikufa kwa ajili ya mtoto ambaye tayari alikuwa chini ya udongo, mahali ambapo hata mimi sipajui, na Baba alilijua hilo alipokuwa akikujibu langoni.

Mimi nimejaribu kumchukia nimeshindwa, nimejaribu kumlilia nimeshindwa. Nawasha vijiti vya udi kwa sababu ni lazima mtu aviwashe. Jeneza liko katika ukumbi wa mazoezi, madirisha nimeyaacha wazi, na baridi hii italihifadhi hadi jibu lako lifike. Ukisema ndani, nitamzika ndani. Ukisema nje, nitachimba mwenyewe, kwa maana hapa hakuna atakayenisaidia.

Msalimie mama mkwe wako, umwombe radhi kwa niaba ya nyumba hii, ijapokuwa najua radhi haimrudishi mwanawe. Mkumbatie mwanao, na asiguse mkuki kamwe.

Ni mimi, mdogo wako,
Qiu Suhe