Kaka, Hukuniuliza

Mayfair, Johannesburg
2017

Kaka Hamadi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira, lakini mama alitulea tukijua kwamba salamu haingoji moyo upoe. Hujambo? Magoti ya mama yanaendeleaje? Mimi na Rehema wangu tu wazima, ila baridi ya huku inatulaza na soksi.

Sasa tusemezane. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, na ukoo mzima umeusikia, maana uliuweka kwenye kundi la familia. "Tabibu wa jeshi miaka yote ile, kaangushwa na mtihani wa raia!" Ukacheka. Kisha ukaniarifu kwamba umeshazungumza na wakubwa wako, nirudi kikosini kabla mwezi haujaisha. Umeshazungumza! Na mimi je?

Nikueleze nilivyoanguka, ili ukicheka ucheke vizuri. Huku utabibu wa jeshini hauhesabiki mpaka upate cheti cha kuhudumu kwenye gari la wagonjwa, na mtihani wake ni wa vitendo. Walimlaza chini mwanafunzi mwenzetu, paja limepakwa rangi nyekundu, ajifanye ameumia. Msimamizi, mama wa Kizulu tunayemwita Sista Thandeka, akasema anza. Nikafanya ulichonifundisha wewe mwenyewe ulipokuwa mkufunzi wangu: mvute majeruhi mafichoni, bana damu, maneno baadaye. Nikamkamata mtoto wa watu ukosi, nikamburuta mpaka nyuma ya kabati, nikamfunga paja kwa mkanda. Hakukuwa na risasi, Kaka. Kulikuwa na viti na feni.

"Eish, bhuti," Sista akasema, yaani kaka kwa Kizulu, "nani anakupiga risasi humu? Hujamwambia jina lako. Hujamuuliza kama anakubali umguse. Umefeli."

Nikamjibu kwamba angekufa.

"Hajafa," akasema. "Anakuogopa."

Nilimchukia mwanamke yule. Nafasi ilibaki moja. Nikianguka tena, masomo naanza upya. Rehema akawa anajilaza mkekani ili nijizoeze. Kila nikisema, "Naitwa Bakari, naomba ruhusa nikuguse," anaangua kicheko: "Mume wangu, tangu unioe ndiyo leo unabisha hodi!"

Kisha wakatupeleka mtaa wa Alexandra na gari la wagonjwa, kwa mazoezi. Tukamkuta bibi mmoja kifua kimembana, anahema kwa shida. Nilipofungua mdomo tu, mwanawe akasikia lafudhi yangu, akaruka: "Huyu kwerekwere asimguse mama!" Ndivyo wanavyotutukana wageni. Damu ikanichemka. Zamani ningemsukuma kando. Nikapiga magoti, nikamwambia bibi jina langu, nikamwomba. Mwanawe anatukana, mimi naomba. Bibi akanitazama mpaka nikaona haya, halafu akaninyoshea mkono nimpime. Sijawahi kupewa mkono namna ile. Wote niliowatibu kikosini walikuwa chini ya amri, kama mimi.

Hapo ndipo nilipokukasirikia sawasawa. Nilipomaliza shule nilitaka ualimu, na ulijua. Ukaja nyumbani umeshaniandikisha jeshini, ukanishika mkono, ukanipandisha gari. Baba alikuwa ameshatutoka, na kaka mkubwa ni baba, basi nikanyamaza. Watu wakakusifu kwamba umemtoa mdogo wako. Leo nina mke na nyumba yangu, bado unanipangia pa kulala!

Mtihani wa pili nimefaulu, na Jumatatu naanza kazi. Sirudi kikosini. Wakubwa wako kawaombe radhi wewe, maana uliwaahidi kitu kisicho chako. Wala usimtume mama anililie kwenye simu. Nitampigia mwenyewe nimweleze.

Nisalimie shemeji yangu, mkeo, ambaye najua atasoma barua hii kabla yako. Shangazi yetu wa Pongwe mwambie mafuta yake ya kuchua yamefika salama. Na mwanao Idi msalimie sana. Nasikia anamaliza kidato cha nne na kwamba umeshamtafutia nafasi jeshini.

Yeye umemuuliza?

Mdogo wako,
Bakari