Pombe Iliyonuka Kahawa

Ruiru, Jumapili ya pili ya Agosti, 1956. Mwaka wa tatu unaelekea kuisha tangu nitoke nyumbani.

Kwako Mama Wafula,

Najua utasomewa barua hii na mwalimu, na majirani watakuwa wamekaa wakisikiliza. Wasikilize tu. Mwalimu asiruke hata neno moja, maana nimeandika nikiwa na hasira na sitaki ipungue njiani.

Nimechoka, mke wangu. Kutwa nageuza kahawa kwenye meza za kukaushia, na mikono inanuka maganda yake hata nikila ugali. Lakini leo silalamikii kazi. Nalalamikia pombe.

Unamkumbuka Wekesa wa ng'ambo ya mto, aliyetangulia kuja huku? Sasa ndiye nyapara wetu. Binti yake amepata mchumba, na wazee wa upande wa kijana ni watu wa kwetu, wanafanya kazi kwenye mkonge huko Thika. Unawajua wazee wa kwetu: hakuna wa kutaja mahari kabla mtungi wa busaa, pombe yetu ya mahindi na wimbi, haujawekwa katikati yao. Na mke wa Wekesa ameokoka, pombe haigusi hata kwa kijiti. Basi Wekesa akanifuata kazini.

"Omwana wefwe," akaniambia, kama mtu wa kwetu anavyomwita mwenzake akiwa na shida, "kila siku unatusimulia pombe nyeusi ya mke wako. Si umemwona akipika? Nipikie. Wazee wakifurahi, nitakuombea likizo mimi mwenyewe."

Likizo! Nimeiomba mpaka nikaona aibu. Nilipopata habari kwamba Nasimiyu amezaliwa, karani aliniuliza, "Kwani wewe ndiye uliyejifungua?" Paa letu lilipoanguka, nikaambiwa kahawa imeiva. Sasa mtoto anatembea na kusema, na sura yangu haijui. Kwa hiyo nikamjibu Wekesa, "Kuipika naijua sana."

Nilijua nini? Kila nilipotia mguu jikoni ulinifukuza na mwiko. "Toka, baba, utaitwa ikiiva!" Siku moja tu ndiyo uliyoniacha, ile ya harusi ya kaka yangu, kwa sababu mvua ilikuwa kubwa. Ulikuwa unakaanga unga wa mahindi uliochacha juu ya bati, machozi yanakutoka kwa moshi, nami napiga domo mlangoni. Ukainua mkono.

"Nyamaza nisikie."

"Unasikia nini?"

"Unga. Ukiwa mbichi unalia. Ukinyamaza, umeiva."

Nilikucheka. Lakini pombe ile ilitoka nyeusi kama udongo wa bondeni, tukaivuta kwa mirija mpaka baba yangu na mjomba wakasahau kugombania ng'ombe.

Neno hilo moja ndilo nililokuwa nalo. Nikaenda Thika kutafuta wimbi sokoni. Mama mmoja muuzaji akaniuliza, "Wimbi la uji, baba? Una mtoto mdogo?" Nikasema ninaye. "Basi umpikie mzito, apate nguvu." Nikabeba mzigo wangu nikarudi.

Wimbi nikalilowesha, likaota vizuri. Taabu ikaja kwenye kulikausha. Huku mwezi wa saba hauna jua, ni mawingu na baridi asubuhi mpaka jioni. Kimea kikaanza kunuka uvundo. Nikakitandaza kwenye meza za kahawa, pembeni, mahali panapopita upepo. Kikakauka, nikajiona fundi.

Kisha ukaja wakati wa kukaanga unga wa mahindi niliouchachisha. Nimewasha moto nje ya nyumba za wafanyakazi, bati liko juu, unga unalia kama ulivyosema. Mutua, yule Mkamba tunayelala naye chumba kimoja, akaanza.

"Mama Wafula! Umeacha kahawa siku hizi, umeolewa na nani?"

Watu wakatoka kutazama. Mmoja akapiga debe, mwingine akapiga vigelegele vya kike, Mutua akanifunga gunia kiunoni liwe leso. Nikawapigia kelele wanyamaze, na kelele yangu ikawa juu ya zao. Ulipopatikana ukimya, unga ulikuwa umenyamaza zamani. Weusi niliupata, lakini wa makaa.

Nilipika hivyohivyo. Unga mwingine ningeutoa wapi?

Wazee wakaja Jumapili iliyopita. Wekesa akamimina maji ya moto mtungini, mirija ikaingia. Mzee wa kwanza akavuta, akawatazama wenzake.

"Wekesa, umetuita kwa mahari au kwa chai?"

"Hii si chai," mwenzake akasema. "Ni kahawa. Tena imeungua."

Wekesa akaninyooshea kidole mbele yao. Mzee akaniuliza mke wangu yuko wapi. Nikasema Bungoma.

"Basi mwacheni aende akalete kitu cha maana. Binti wa watu hatumzungumzii juu ya masizi."

Wakasimama, wakarudi Thika.

Kesho yake asubuhi Wekesa alinipeleka kwa karani mwenyewe. Nimepewa wiki mbili. Karani hakuniuliza swali. Kwa mtoto wangu nilinyimwa, kwa paa langu nilinyimwa, na kwa gunia la kimea nimepewa kabla sijakaa. Kwenye cheti cha ruhusa ameandika sababu: mambo ya familia. Ni kweli, ya familia ya Wekesa.

Sasa sikiliza. Siku utakayosomewa haya, lowesha wimbi. Kanda unga wa mahindi uufunike, uchache. Vyote viwili nirudi navyo huku vikiwa vikavu, vya mkono wako. Napanda treni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na Jumapili jioni nitashuka Bungoma. Mwambie Nasimiyu kwamba mtu atakayemwona akija na magunia matupu begani ndiye baba yake, asikimbie.

Ila unga usiukaange kabla sijafika. Safari hii nitakaa jikoni, na ukinifukuza sitoki. Nitanyamaza.

Mume wako,
Baba Wafula