Nilimfungia Ndugu Yangu kwa Gundi, Sasa Naitwa Shujaa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ingawa nikwambie mapema kwamba mtu wa akili zangu huwa haombi msaada, huombwa, maana katika mji huu mzima haujazaliwa mkono unaokata sponji kama huu ninaoandikia, na siku nikifa nadhani watautia kwenye chupa wauweke makumbusho, watoto wa shule wapangwe foleni kuutazama.

Mimi ni kijana wa miaka kumi na tisa, shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe ndiyo iliniacha, inategemea unamuuliza nani, na sasa nafanya kazi kwa fundi wa makochi. Nakata sponji, navalisha viti vitambaa. Lakini viti vinakaliwa tu, Anti, havishangiliwi. Ndiyo maana nilipoona kwenye simu watu wamevaa mavazi ya vita kama ya kwenye katuni, unadhani ni chuma kitupu kumbe ni sponji iliyopakwa rangi, nikasema haya, riziki yangu ilikuwa inanisubiri hapa.

Basi hapa mjini kila mwaka mashabiki wa katuni na michezo ya kompyuta wanakutana kwenye ukumbi mkubwa, kila mmoja amevaa kama yule anayempenda, na kuna shindano la vazi lililotengenezwa kwa mkono. Nikajifungia miezi mitatu. Nilinunua ile mikeka migumu ya sponji ya kufanyia mazoezi, nikachora vipande kwenye magazeti, nikakata, nikapitisha drai niliyoazima saluni mpaka sponji ikajikunja yenyewe kama gamba la kobe, kisha gundi ya viatu huku na huku, unasubiri mpaka ukigusa haishiki kidole ndipo unabandika, maana ukibandika mbichi inakuumbua mbele za watu. Juu rangi ya fedha, na masizi kidogo kwenye mikunjo lionekane limetoka vitani. Fundi wangu, ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu azaliwe, alikigonga kifua cha vazi kwa ukucha akaniuliza, "We, hili bati umeliiba wapi?" Nusura nilie.

Tatizo ni kwamba mimi ni mfupi. Si mfupi sana, mfupi wa kutosha. Na shujaa wa vita lazima awe mnara. Kwa hiyo vazi nililikata kwa kipimo cha ndugu yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye tunalala chumba kimoja tangu mama yangu afariki, na ambaye mtaa mzima unamwita Twiga kwa sababu anainama kwenye kila mlango. Twiga ni mpole mpaka anaudhi. Ukimwambia shika hapa, anashika mpaka umwambie achia.

Siku yenyewe tumesimama nyuma ya jukwaa, zamu yetu inakaribia, kifungo kinachounganisha helmeti na kola kikakatika pu! Twiga akigeuza kichwa, shingo inaonekana, na dada mmoja wa kundi lililotangulia alikuwa amekatwa alama kwa hilo hilo. Mimi mfukoni sikosi gundi. Nikaanza kupaka.

"Sasa nitatokaje?" Twiga akauliza.

"Kwa kisu changu. Sekunde tatu uko nje."

"Na pumzi ikinikata?"

"Gonga kifua mara mbili. Nakupasua hapo hapo, hata kama majaji wananipigia magoti."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

"Apa kwa mama mkubwa wako."

Nikaapa kwa mama mkubwa. Nikabandika gundi ikiwa bado mbichi, kosa ambalo hata mwanafunzi wa wiki moja halifanyi, nikaishikilia kwa mikono miwili mpaka ikakamata, na harufu yake yote ikabaki humo ndani pamoja naye.

Jukwaani taa zilikuwa kali kama mdomo wa tanuri. Washindani wanane wa kundi letu kwenye mstari, majaji watatu wanapita taratibu, wanapapasa, wanaandika. Walipofika kwetu Twiga akainua mkono akajigonga kifua, pa, pa. Mtu akapaza sauti, "Shujaa anawasalimu, mjibuni!" na ukumbi mzima ukajigonga vifua, pa, pa, mpaka sakafu ikatetemeka. Majaji wakacheka. Twiga akagonga tena, safari hii polepole, mkono umelegea. Ukumbi ukajibu tena. Halafu akapiga magoti, watu wakazidi kushangilia, walidhani ndiyo maonyesho yenyewe. Halafu akaanguka kifudifudi.

Niliruka na kisu nikapasua kuanzia sikioni hadi kwenye kola. Anti, sura niliyoikuta humo sikuijua. Imelowa, midomo imepauka, macho yamegeuka juu. Nesi mmoja aliyekuja amevaa mbawa za kipepeo alinisukuma akafoka, "Mlaze ubavu! Na wewe mwenye kisu, acha kulia, mpepee!" Nikampepea kwa ubao wa alama wa jaji. Nilihesabu mpaka kumi na moja ndipo akakohoa.

Amelazwa siku mbili, ametoka mzima. Sasa sikia ajabu. Kombe tumepewa sisi. Video ya mimi nikiruka na kisu imezunguka kwenye simu za watu wote, wananiita Mwokozi. Mama mkubwa alinikumbatia wodini mbele ya wagonjwa akasema, "Kama si wewe, mwanangu, leo tungekuwa tunaongea mengine," kombe ameliweka juu ya friji, kila mgeni lazima alione kabla hajapewa kiti. Na Twiga mwenyewe anasema, "Hukuniona, ulikuwa umebanwa na watu, mara nyingine nitagonga kwa nguvu zaidi." Mara nyingine! Maana tumealikwa kwenye mashindano makubwa zaidi mwezi ujao, na ameshakubali kuvaa, mradi mwenye kisu niwe mimi.

Nilitaka kukuuliza, je, nimtengenezee helmeti yenye feni ndogo, au nitafute mrefu mwingine?

Lakini nimeandika mpaka hapa na kalamu haitaki kufunga barua. Anti, sikuwa nimebanwa na mtu. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na mapigo yake niliyahesabu yote mawili, moja, mbili. Jaji alikuwa ameinamia mshono wa bega, mshono wangu mimi, anatikisa kichwa kama mtu aliyeonja kitu kitamu, nikasema moyoni sekunde moja tu, amalize. Na ile sauti ya "Shujaa anawasalimu, mjibuni" haikuwa ya mtu mwingine. Ilikuwa yangu.

Mkata Sponji


MSHAURI ANAJIBU

Mkata Sponji, umeandika kurasa tatu ili ufike kwenye mistari michache ya mwisho. Hiyo ndiyo barua. Huko nyuma ulikuwa unapaka rangi ya fedha.

Pole, kwanza. Kumwona ndugu yako amelala vile kwa mkono wako si jambo dogo, na mkono huo huo ndio uliompasulia, hilo sikunyang'anyi. Lakini aliyewasha moto hasifiwi kwa kubeba ndoo. Alikuomba uape, ukaapa, tena kwa mwanamke aliyekulea baada ya mama yako. Akagonga kama mlivyoagana. Wewe ukauambia umati ushangilie juu ya pumzi ya mtu. Usiniletee habari za feni.

Na hilo la nyuma silo linalonitisha zaidi. Linalonitisha ni la mwezi ujao. Twiga anakuamini kwa sababu hajui, anaingia tena humo akidhani kosa lilikuwa lake, kwamba aligonga kwa unyonge. Mtu aliyekaribia kufa anajilaumu, na wewe unamwangalia tu anavyojilaumu! Huoni haya?

Jibu hili nimekutumia kwa simu leo Jumatano. Gazeti lenye barua yako linatoka Jumamosi, na mji wenu hauna Twiga wawili waliozimia mbele ya nesi mwenye mbawa. Una siku tatu.

Mwambie Twiga kwanza, peke yenu, chumbani kwenu. Usibebe zawadi, usianze na hadithi ya kifungo kilichokatika. Sema, "Nilikuona ukigonga, na mimi ndiye niliyewaambia watu washangilie." Kisha nyamaza. Akifoka, pokea. Akihama chumba, mbebee godoro. Baada yake nenda kwa mama mkubwa, na hilo kombe ulishushe kwenye friji wewe mwenyewe kabla hujafungua mdomo.

Mashindano ya mwezi ujao wewe huna la kuamua. Ataamua Twiga, akiwa anajua yote, na akisema hapana, hiyo hapana hupewi ruhusa ya kuibembeleza.

Mkono wako unaweza kazi, nakubali. Basi utengeneze helmeti inayofunguliwa kwa ndani na mkono wa aliyeivaa, bila gundi shingoni hata tone. Ikikamilika, usimpe mtu. Ivae wewe, usimame juani saa sita mchana, kisu akishike Twiga. Ukianza kutafuta hewa, usijifungue kwanza. Gonga kifua mara mbili, umsubiri. Hapo ndipo utajua sekunde moja ina urefu gani.