Majani ya mkaratusi ndani ya tuta

Jumanne

Wewe Mama Neema, mke wa mwanangu, huko Namanyere kwa wazazi wako unakaa mpaka lini? Kwako umepasahau? Sijui nakugombeza kwa mdomo gani, maana niliyekufukuza ni mimi. Maharage uliyopanda yalipogoma kuota, nilisema mbele ya wanawake wote tuliokuwa nao shambani, "Mbegu zako mbovu kama mikono yako!" Ukajifunga kitenge, ukaondoka.

Leo nimefukua tuta moja. Nyasi za kufukia ndani ya matuta zioze ziwe mbolea zilikuwa chache mwaka huu, nikajaza majani ya mkaratusi wangu, ule mrefu ninaojivunia. Hayajaoza hata kidogo. Yananuka vilevile kama tunapojifukiza tukiwa na mafua. Maharage yangeotaje humo?

Jirani akachungulia. "Bibi, umepanda dawa ya kikohozi?"

Nikacheka. Halafu nikakumbuka uso wako siku ile, nikaona aibu mpaka...

Herufi hizi ulinifundisha wewe. Kukuomba radhi hapa naweza, usoni naogopa.

Ukija, usiingie ndani kwanza. Waite wale wanawake, wote waliokuwepo, ndipo uniamkie, nao wasikie nitakavyokujibu.