Damu ya Mize Ilisafishwa Kabla ya Kupimwa

Mpendwa Mshauri Bi. Sikuzani,

Leo ni tarehe 6 Machi 1978, na nimekaa hapa Cardiff miaka ishirini na saba tangu nilipotoka Bagamoyo. Naomba msaada wako kwa jambo ninaloona haya hata kuliandika. Mjukuu wangu Mize, yatima wa mwanangu Rehani, ana miaka tisa na kimo cha mtoto wa sita, tumbo limemvimba na kuhara hakumwachi, daktari akashuku kwamba ngano ndiyo inayomuumiza utumbo, akaagiza damu ipimwe maabara waone kama mwili unapigana nayo. Mke wangu Mwanamvua aliposikia damu itatazamwa akasema, “Haitoki nyumbani kwangu damu chafu, watu wakatuona hatujui kulea,” akamsafisha kwa uji wa mchele na muhogo miezi mitatu, mkate hata wa kunusa hakupewa, na mtoto akanawiri, na majibu yakaja hayana kitu. Tukashangilia kwa mandazi, ngano ikarudi mezani. Wiki ya pili tumbo likavimba tena, akalala kitandani. Daktari sasa anatafuta ugonjwa mwingine, nami ninayejua kisa nimenyamaza. Dada yangu Somoe anaandika: “Mlete kwetu, huko mtampima mpaka damu iishe! Wali na samaki vitamponya.” Tiketi za meli ninazo. Je, nirudi naye, au nikaungame?

Msabaha

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Nimekuamkia, sasa nikukaripie.

Bi. Mwanamvua alikosea kwa mapenzi, wewe umekosea kwa kunyamaza. Maabara haikudanganya: mliipelekea damu ya mtoto asiyekula ngano, nayo ikasema haioni ugomvi na ngano. Ulitaka iseme nini?

Na hiyo Bagamoyo unayoikumbuka, mzee, siku hizi chai bila andazi si chai, na Idi haiendi bila tambi. Ndugu gani atamwacha yatima aliyetoka Ulaya aondoke mlangoni mwake mikono mitupu? Ukisema “ngano inamdhuru,” watakujibu, “Madeko ya Kizungu hayo,” na watamlisha ukienda msikitini. Bila majibu ya hakika huna neno la kuwazuia.

Basi nenda kwa daktari wiki hii, pamoja na mkeo. Mwambieni alikula nini, kwa miezi mingapi. Msimpe wala msimnyime ngano kwa akili zenu; daktari ndiye aseme ale kiasi gani, kwa muda gani, ndipo apimwe tena. Itamuuma. Mshikeni mkono, lakini msimfichie tena. Na Bi. Mwanamvua mwambie damu haina aibu.

BAADA YA MIEZI MITATU

Marahaba, mwanangu. Daktari hakutugombeza, aliandika tu, kisha akatuuliza mara ya pili ile miezi mitatu ilianza lini. Mize alikula vipande viwili vya mkate kila siku kwa wiki sita, akilia, na bibi yake akilia naye jikoni. Damu ya pili ilionyesha mwili unapigana na ngano, na utumbo ulipochunguzwa ukathibitisha. Sasa anakula vitumbua na mkate wa kumimina, vya mchele mtupu, na gauni la Idi iliyopita limembana.

Nimempelekea Somoe nakala ya majibu. Amejibu kwa mstari mmoja: “Basi mje, sitampa.” Namwamini yeye, siwaamini majirani zake kumi. Tena mtoto atatazamwa hospitali kila baada ya miezi michache, mpaka awe mtu mzima, na mimi nina miaka sitini na nane.

Tiketi nimezirudisha. Sitarudi Bagamoyo.

Msabaha