Midomo Miwili Mirefu

Kwako Kaka,

Huku tupo, ila daktari amesema jicho la kulia la Baba halitaona tena. Wewe umeambiwa ni ajali.

Unajua tunavyovua chuchunge: Baba anashika wavu, maji yamemfika kiunoni, na Mjomba anapiga maji kwa ufito ili samaki wakimbilie wavuni. Siku ile kundi lilipita mbele yangu, juu juu kama vijiti vinavyoelea. Chuchunge ana mdomo wa chini mrefu, wa juu mfupi. Hawa walikuwa na midomo yote miwili mirefu, yenye meno. Walikuwa mitumbuu, Kaka. Ukiwashtua, wanaruka kama mishale.

Niliwajua. Lakini juzi yake nilitaja samaki kwa jina la kitabuni, Mjomba akanicheka mbele ya watu: "Haya mwalimu, tufundishe! Samaki wenyewe wanajua Kiingereza?" Kwa hiyo niliona haya, nikanyamaza. Mjomba akapiga maji.

Jana Baba aliniuliza, "Mwanangu, wewe uliona nini?"

"Chuchunge, Baba."

Akamgeukia Mjomba, ambaye tangu siku ile hali wala halali. "Unasikia, shemeji? Hata msomi wetu hakuwajua. Acha kujilaumu." Mjomba akalia, akaniomba radhi kwa kunicheka.

Leo asubuhi nilikwenda kusema kweli. Nikamkuta Baba anajifunza kumimina chai kwa jicho moja, anaimwaga mezani. Nikafuta meza, nikatoka.

Usinijibu kupitia simu ya Baba.

Mdogo wako